Maswali ya Wasomaji: Roboti Aliyezikwa Mara Mbili Barafuni

Tulipoandika katika toleo lililopita juu ya katuni za miaka ya 1980, hatukutarajia kwamba barua tatu zingegusa sehemu moja ile ile ya mfululizo mmoja. Sehemu hiyo ni Fire in the Sky ya The Transformers, ambayo kituo cha kwanza kuirusha kilikuwa cha Marekani mnamo Desemba 1984. Kwa asiyeijua, katuni hiyo inahusu roboti wanaojigeuza magari na ndege: Autobots, walio wema na wanaoongozwa na Optimus Prime, wakipigana na Decepticons, walio waovu na wanaoongozwa na Megatron. Tumeona ni vyema tuzichape barua hizo pamoja na kuzijibu kwa kufuatana.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu. Mwaka 1986, nikiwa darasa la tatu, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alirudi Tanga kwa sikukuu ya Idi akaniletea kanda ya video ya The Transformers pamoja na ndege nyeupe yenye mistari myekundu, ambayo ukiikunjua inageuka roboti. Juu ya boksi paliandikwa Jetfire. Katika kanda hiyo sikumwona Jetfire hata kidogo. Nilichokiona ni roboti mkubwa aliyefukuliwa barafuni, mwenye rangi zinazokaribiana na za ndege yangu lakini umbo lake mbali kabisa, na jina lake Skyfire. Isitoshe, juu ya mabawa ya ndege yangu hapakuwa na nembo ya Autobots, bali alama ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeitambua. Kaka zangu walikata shauri kwamba mjomba ameuziwa mali feki, na wamemtania kwa jambo hilo hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua. Mwezi uliopita niliitazama tena sehemu ile pamoja na mwanangu, na swali likafufuka. Je, ndege yangu ilikuwa ya bandia? Na kama haikuwa ya bandia, kwa nini katuni imemchora roboti mwingine?

Msomaji, Tanga

Jibu: Ndugu yangu wa Tanga, tuanze na marehemu mjomba, maana yeye ndiye aliyeonewa zaidi. Kwa namna ulivyoieleza ndege hiyo, hakuna sababu ya kuiita feki. Vichezeo vya kwanza vya Jetfire, vilivyouzwa na kampuni ya Hasbro ya Marekani ndani ya maboksi halali ya Transformers, vilitoka kiwandani vikiwa na nembo ya jeshi la kubuni la katuni nyingine kabisa, iitwayo Macross, na ni baadaye ndipo nembo hiyo ilipoondolewa ikawekwa ya Autobots. Alama iliyowafanya kaka zako wacheke inaelekea kuonyesha kwamba mjomba alinunua moja ya zile za mwanzo. Kama ndege bado ipo, itazame rangi yake: plastiki nyeupe ya Jetfire inajulikana mno kwa kugeuka manjano, kwa kuwa plastiki ya aina hiyo huharibiwa na mwanga wa jua na hewa, na jua la Tanga halina huruma. Ukiikuta imekuwa na rangi ya samli, usihuzunike, maana zilizotunzwa kabatini Ulaya nazo zimefikwa na hayo hayo.

Sasa, ilikuwaje ndege ya Macross ikaingia katika boksi la Transformers? Jambo ambalo watoto wa zamani hatukulijua ni kwamba Hasbro haikubuni roboti zake za mwanzo. Ilizichukua kutoka kwa Takara ya Japani, iliyokuwa ikiziuza kwao kwa majina ya Diaclone na Micro Change, ikazikusanya chini ya jina moja jipya mwaka 1984, kisha kampuni ya Marvel ikapewa kazi ya kuzitungia majina, tabia na sababu ya kupigana. Sehemu kubwa ya majina na tabia hizo ilitoka katika kalamu ya mtu mmoja, Bob Budiansky. Biashara ilipokuwa kubwa kuliko akiba ya vichezeo vilivyokuwapo, Hasbro ilianza kutafuta roboti kwa watengenezaji wengine wa Japani, na miongoni mwao ilikuwa Takatoku Toys, ambayo ilitengeneza ndege ya kivita iitwayo VF-1 kutokana na Macross, katuni iliyoanza kurushwa Japani mwezi Oktoba 1982. Aliyeibuni ndege hiyo ni Shoji Kawamori, na yeyote aliyewahi kuiona ndege ya Kimarekani F-14 atatambua mara moja ni wapi umbo lake lilikotoka. Kwa maneno mengine, ndege yako ilikuwa na wazazi wake kabla haijapelekwa kulelewa Marekani kwa jina jipya.

Ugomvi ulianzia hapo. Takatoku ilifilisika mwaka 1984, na kalibu za ndege hiyo zikaangukia mikononi mwa Bandai, mshindani mkubwa wa Takara. Hebu fikiri hali ya Hasbro: mshirika wake wa Japani ni Takara, katuni yenyewe inakusudiwa kurudi kuonyeshwa Japani, na mmoja wa mashujaa ana mwili ambao ni mali ya mpinzani na sura ambayo kila mtoto wa Kijapani anaifahamu kutoka katika katuni nyingine. Wala tatizo halikuishia Japani, kwa sababu mwaka 1985 kampuni ya Harmony Gold ilianza kuionyesha Macross yenyewe nchini Marekani ndani ya mfululizo ulioitwa Robotech, na ndege ile ile ikawa inaruka katika katuni nyingine ya watoto wale wale. Njia iliyopatikana ni kumpa roboti wa katuni mwili mwingine, mzito na mpana, unaofanana zaidi na chombo cha angani kuliko ndege ya kivita, na kumbadilisha jina kutoka Jetfire kuwa Skyfire. Dukani aliendelea kuitwa Jetfire. Katika kitabu cha picha cha Marvel pia aliitwa Jetfire na akachorwa kwa umbo la kichezeo, lakini huko hakuna barafu wala urafiki wa kale: ametengenezwa na Decepticons hapa hapa duniani.

Ukitaka ushahidi kwamba umbo lilikuwa tatizo, waangalie Whirl na Roadbuster, ambao nao Hasbro iliwauza kama Autobots mwaka 1985 na ambao asili yao pia ni Takatoku. Katika sehemu zote 98 za katuni hiyo ya Kimarekani, hawaonekani hata mara moja. Skyfire aliingia kwa sababu alivishwa mwili mwingine. Wenzake wakabaki mlangoni.

Nikuongezee jambo ambalo hukuniuliza, kwa kuwa umesema umeitazama upya ukiwa mtu mzima. Mimi naiona Fire in the Sky kuwa miongoni mwa sehemu chache za msimu ule wa kwanza zenye hadithi inayoweza kusimama hata kama hakungekuwa na duka la vichezeo duniani. Decepticons wamepiga kambi Aktiki wakifyonza joto la kiini cha dunia ili walijaze katika michemraba yao ya energon, yaani nishati wanayoitumia, na dunia imeanza kupoa. Hiyo ni hila ya kawaida ya Megatron, na ingekuwa sehemu ya kusahaulika. Lakini barafuni wanamkuta roboti aliyeganda, na anayemtambua si mwingine ila Starscream, yule yule ambaye tumekwisha kumzoea kama msaidizi mwongo, mwenye sauti ya kukwaruza, anayemvizia mkubwa wake ili achukue kiti. Starscream anasimulia kwamba zamani sana, kabla ya vita vya Cybertron, sayari yao ya asili, yeye na Skyfire walikuwa watafiti waliokuja kuichunguza sayari hii ikiwa bado changa, kwamba dhoruba iliwatenganisha, kwamba alimtafuta mwenzake asimpate, akarudi nyumbani peke yake.

Kwa dakika chache tunaonyeshwa kwamba huyu mnafiki aliwahi kuwa mtu wa elimu na aliwahi kuwa na rafiki. Skyfire anapofufuliwa anakubali kuvaa nembo ya Decepticons bila kuuliza mengi, kwa kuwa hajui vita vilianzaje wala nani aliyemkosea nani. Anachokijua ni kwamba rafiki yake yuko upande huo. Kisha anaamriwa kuwaua mateka, na kati yao wamo Spike na baba yake Sparkplug, binadamu wasio na silaha. Anakataa. Starscream anampiga risasi. Katika mfululizo huu Starscream amemsaliti Megatron mara nyingi kiasi kwamba usaliti wake umekuwa kichekesho, lakini usaliti huu hauchekeshi, kwa sababu safari hii aliyepigwa ni mtu aliyemwamini.

Theluthi ya mwisho, nakiri, imefanywa kwa haraka. Skyfire anahamia kwa Autobots karibu kwa pumzi moja, anapigana, na mwishoni barafu inamfunika tena. Ukubwa wake nao unabadilika kufuatana na mahitaji ya mchoraji. Hata hivyo natilia maanani jambo moja: huyu ndiye roboti ambaye watungaji hawakuweza kumwonyesha kama alivyo dukani, na labda ndiyo maana walilazimika kumpa kitu kingine cha kumfanya akumbukwe.

Mhariri,

Nimeangalia msimu wa kwanza wote kwa mpangilio wa tarehe za kurushwa na nimechanganyikiwa. Skyfire anazikwa barafuni katika Fire in the Sky, lakini katika Fire on the Mountain, iliyorushwa kabla yake, tayari yu Autobot kamili na anawabeba wenzake hadi milima ya Andes. Amezikwa lini na amefufuliwa lini? Tena mbona baada ya hapo anapotea?

Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

Jibu: Hukukosea, waliokosea ni wao. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 16, na kwa mpangilio wa utengenezaji Fire in the Sky ni ya 7, ikifuatwa na S.O.S. Dinobots na kisha Fire on the Mountain. Ilipofika zamu ya kurushwa, ile ya 7 ilicheleweshwa hadi Desemba, hivyo watoto wa Marekani walimwona Skyfire akiwa mfuasi wa Optimus Prime wiki kadhaa kabla ya kuoneshwa alivyopatikana. Ukifuata mpangilio wa utengenezaji, hadithi inanyooka: amefukuliwa, amezikwa, kisha yuko huru tena. Nakushauri uzitazame hivyo, ingawa nadhani kuzikwa kwake kunapoteza uzito wake mtazamaji anapomkuta amekaa sawa sehemu mbili tu baadaye, kana kwamba alikuwa amelala kidogo adhuhuri.

Ama kuhusu kupotea kwake, msimu wa pili wa mwaka 1985 ulikuwa na sehemu 49, na kila baada ya wiki chache lilikuja kundi jipya la roboti waliohitaji kutambulishwa. Roboti mwenye mgogoro wa haki za umiliki na mwenye sura isiyolingana na boksi lake hawezi kupewa nafasi mbele ya wale wanaouzika bila matatizo. Autobots walimhitaji Skyfire hasa kwa sababu wengi wao walikuwa magari na hawakuwa na chombo cha kuwabeba angani. Mwishoni mwa mwaka huo walipotokea Aerialbots, kundi zima la ndege, hata haja hiyo ikaisha. Hakufa wala hakuagwa. Aliacha tu kuitwa, na mimi huona kuondoka kwa namna hiyo ni kubaya kuliko kuzikwa.

Kwa Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Mombasa. Mwanangu wa miaka saba amezitazama katuni hizi za zamani na baba yake, na sehemu hiyo ya Skyfire ameirudia mara nne. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba katuni zote hizi si hadithi bali ni matangazo marefu ya vichezeo na kwamba namharibu mtoto. Je, ni kweli? Zaidi ya hayo, mtoto ananiuliza kila siku kama Starscream alikuja kumwomba Skyfire msamaha, nami sijui nimjibu nini.

Mama wa wawili, Mombasa

Jibu: Mama, mwalimu amesema kweli, ila amesema nusu yake. Kwamba katuni hii ilitengenezwa ili kuuza vichezeo si siri, na historia ya jambo hilo nchini Marekani ina tarehe zake. Mwaka 1969 kulikuwa na katuni iliyotokana na vigari vya Hot Wheels vya kampuni ya Mattel. Kampuni nyingine ya vichezeo ililalamika, na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikakubaliana nayo kwamba kipindi hicho kilikuwa tangazo lililovaa nguo za hadithi. Kwa miaka mingi baada ya hapo watengenezaji walikuwa na hofu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, chini ya mwenyekiti Mark Fowler, tume hiyo ilianza kulegeza kamba, na mwaka 1984 ikaondoa hata miongozo iliyokuwa ikipunguza muda wa matangazo katika vipindi vya watoto. The Transformers ilianza kurushwa tarehe 17 Septemba mwaka huo huo. Shirika la wazazi lililoongozwa na Peggy Charren lilipiga kelele muda wote huo, na hatimaye mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya televisheni ya watoto iliyoweka ukomo wa matangazo wa dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki na dakika 12 siku nyingine. Hata sheria hiyo haikuzipiga marufuku katuni za vichezeo; ilitosha kituo kisitangaze kichezeo kile kile ndani ya kipindi chake.

Basi kwa nini nasema ni nusu ya ukweli? Kwa sababu tangazo linaweza kuamua ni nani atakayeonekana, lakini haliwezi kila mara kuamua atakachokifanya akishaonekana. Mtazame Starscream mwenyewe. Dukani, yeye na Decepticons wenzake Thundercracker na Skywarp ni kalibu moja iliyopakwa rangi tatu, na mtoto aliyenunua mmoja hakukosa chochote cha wenziwe isipokuwa rangi. Kilichomtenga Starscream ni waandishi waliompa wivu na ubinafsi, na mwigizaji Chris Latta aliyempa ile sauti ya kisu kinachonolewa. Skyfire naye, aliyesemewa na Gregg Berger kwa upole na utulivu mwingi, ni mfano mkubwa zaidi: mtoto aliyeipenda sehemu hii mwaka 1984 akaenda dukani kumtafuta Skyfire hakumpata, maana hakuwapo. Kama lilikuwa tangazo, basi lilikuwa tangazo baya sana. Mwanao hakuirudia mara nne kwa ajili ya ndege. Swali analokuuliza kila siku halihusu bei ya kitu chochote.

Kuhusu swali lake, mweleze ukweli, kwa kuwa watoto wa umri huo hugundua upesi wanapodanganywa. Starscream hakuomba msamaha. Alipompiga Skyfire hakuonyesha majuto, na sehemu zilizofuata hazikuurudia urafiki wao. Waandishi walikuwa wameufungua mlango huo kwa ajili ya siku moja tu, wakaufunga. Mimi naona hiyo ni kasoro ya mfululizo, si ya mtoto anayeuliza. Ukipenda, muulize yeye anafikiri Starscream alikuwa anawaza nini usiku ule barafuni, kisha umsikilize. Wengi wa rika lake watakwambia kwamba alijuta ila aliona haya mbele ya Megatron, na sijaona mtu mzima aliyetoa jibu bora kuliko hilo.

Na akikuomba kichezeo, maana hatimaye ataomba, kipo. Miaka mingi Hasbro iliendelea kuukwepa mwili wa Macross kwa tahadhari, na mwaka 2013 ilijikuta imeshtakiwa na Harmony Gold kwa sababu ya Jetfire mwingine aliyekaribiana mno na ndege ile ya zamani. Lakini mwaka 2019, katika mkusanyo ulioitwa Siege, ilimtoa Jetfire mkubwa mwenye mwili unaofuata ule wa Skyfire wa katuni, na kuongezewa vazi jekundu la kuvaa na kuvua linalokumbusha kichezeo cha 1985. Nembo iliyo mwilini mwake inageuzwa kwa kidole: upande mmoja ni ya Decepticons, upande wa pili ni ya Autobots. Bei yake ni kubwa, nami nisingekushauri umnunulie mtoto wa miaka saba kabla baba yake hajaahidi kwamba hatacheza nacho yeye.